Shangazi, mchezo wangu umelala uvunguni. Niugawe bure?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Pasua hapa Moshi, nina mke na mtoto mmoja. Mlimani nilianza kupanda nikiwa mpagazi, nikawa weita wa mesi, yaani wa kuwaandalia wageni chakula mezani, na siku hizi naenda kama mwongozaji msaidizi nikiitwa. Mwaka 2020 korona ilipozuia watalii nilikaa nyumbani miezi mingi bila safari. Ndipo nikaanza kuchora mchezo juu ya boksi la sabuni, mwanzoni kwa ajili ya kuwachangamsha wapwa zangu.

Unachezwa na watu wanne kwa dadu na kadi. Kila mchezaji ana kikundi chake: mgeni, mwongozaji, mpishi na wapagazi. Mnatoka geti la Marangu, mnalala Mandara, Horombo, kisha Kibo, halafu usiku mnaelekea Uhuru, mita 5,895. Anayefika na kurudi getini na watu wake wote wazima ndiye mshindi. Kuna kadi za mvua, za mgeni kuumwa kichwa, za mzigo kuzidi kilo 20 kwenye mizani, za mpishi kusahau chumvi. Ukikimbia sana mwinuko unakukamata, unarudishwa chini. Wapwa zangu waliupenda, na majirani wakaanza kuja kuuazima.

Mwaka jana nilikopa milioni tatu kwenye kikoba, nikaongeza akiba yetu milioni moja na laki mbili, nikachapisha seti 300. Kila seti imenigharimu 14,000. Nauza 25,000. Mwongozo una kurasa kumi na moja, Kiswahili na Kiingereza, nimeeleza kila kitu. Tangu Februari nimeuza seti 43. Kati ya hizo, 26 niliziuza siku moja ya mbio za Kilimanjaro Marathon, nilipotandika mkeka karibu na viwanja vya Ushirika, ndugu za wakimbiaji wakawa wanacheza huku wakiwasubiri watu wao. Zilizobaki zimetoka kidogo kidogo madukani nilikoweka mali kauli, Moshi na Arusha. Nililipia pia tangazo la redio, shilingi 250,000, sikuona simu hata tano. Seti 257 ziko uvunguni mwa kitanda, na marejesho ya kikoba ni 160,000 kila mwezi.

Sasa nina mashauri matatu. Rafiki yangu anasema nigawe seti 100 bure ili mchezo ujulikane. Binamu yangu wa Ngarenaro anasema niweke kuponi ndani ya boksi, mwenye kuponi ya bahati ashinde safari ya Ngorongoro. Na kampuni moja ya utalii ya Arusha inataka seti 150 za kuwapa wageni na mawakala wake kama zawadi ya promosheni. Lakini bei yao ni 12,000, wanataka jina la mchezo litoke liwekwe lao, na watalipa Januari, msimu ukiisha. Tena wameomba niondoe kadi inayosema "Mgeni ameondoka bila kutoa tipu, wapagazi wako wamepoteza zamu", badala yake niweke kadi isemayo kikundi cha kampuni yao hufika kileleni daima.

Mke wangu anasema tuchukue, angalau 1,800,000 itaingia. Mimi usingizi umenikimbia. Jina la mchezo sijaliandika hapa kwa sababu sijalisajili. Nisaidie Shangazi.

Mpagazi wa Pasua

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale kwenye mkeka wako wa Februari. Wewe umelitaja jambo lile ukapita, ukaenda kwenye redio na kuponi. Hebu lirudie. Siku moja, seti 26. Miezi iliyofuata, madukani, Moshi na Arusha kwa pamoja, seti 17. Mchezo ni uleule, boksi ni lilelile, bei haikubadilika. Tofauti ni kwamba wale wa Ushirika walikaa chini, wakarusha dadu, mgeni wao akaumwa kichwa Horombo, wakacheka, wakaona uchungu kuondoka bila kujua nani angefika. Wale wa madukani waliona boksi lililofungwa.

Haya nayajua kwa jasho langu. Nilikuwa na duka la daftari na vifaa vya shule, hatua chache kutoka Soko Kuu la Arusha, na ludo na drafti vilikuwa vinatoka kila wiki bila mimi kufungua mdomo. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyeingia dukani kwangu bila kuijua ludo. Alifundishwa na kaka yake sakafuni, na drafti aliicheza kwa vizibo vya soda kabla hajajua kusoma. Siku moja nililetewa mchezo mpya kutoka nje, wenye picha nzuri kuliko ludo zote. Nilikaa nao miaka miwili. Watu waliushika, wakaugeuza, wakauliza "huu unachezwaje?", nami sikujua kujibu. Bao lenyewe la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, yuko wapi aliyejifunza kwa karatasi? Watu walisimama nyuma ya wazee barazani, wakaangalia hatua ya namua inavyokwenda hadi ile ya mtaji, mpaka siku moja wakaambiwa "kaa wewe".

Kwa hiyo kabla ya kujibu mashauri yako matatu, nakuomba ulishike hili: aliyekwisha kucheza ndiye atakayenunua. Kazi yako kati ya leo, Septemba, na Krismasi ni kuwapata wachezaji. Wanunuzi watatoka humo.

Nianze na rafiki yako. Nia yake ni njema, ila seti 100 mara 14,000 ni milioni moja na laki nne unazimwaga barabarani. Na kitu cha bure kina tabia yake: aliyepewa boksi huliweka juu ya kabati akisema atalifungua wikiendi, na wikiendi hiyo haiji. Usimpe mtu seti. Ipe meza. Chukua seti 15, uziandike kwa kalamu nene "YA KUCHEZEA HAPA", uzipeleke mahali ambapo watu wanakaa wakisubiri na hawana la kufanya. Migahawa ya kahawa pale mjini Moshi. Hosteli wanazolala watalii siku moja kabla ya kupanda. Loji za Marangu. Sehemu ya nyama choma ambako kilo moja hukaa jikoni dakika arobaini. Saluni ya kusuka, maana pale mtu anakaa saa nne. Mwenye mahali hakulipi chochote, wala wewe humlipi. Meza yake inachangamka, wateja wanakaa muda mrefu, wanaagiza chai ya pili. Kaunta muachie seti mbili za kuuza, akiuza moja anabaki na elfu tatu. Weka dadu za akiba na kadi za akiba kwenye kimfuko, maana zitapotea, na upite kila wiki mbili kuangalia.

Usidhani ni ujanja wa kimaskini. Mwaka 1998 Richard Tait na Whit Alexander, waliokuwa wafanyakazi wa Microsoft huko Marekani, walitengeneza mchezo unaoitwa Cranium. Hawakuanzia kwenye maduka ya michezo. Waliupeleka kuuzwa kwenye migahawa ya kahawa ya Starbucks, kwa sababu watu waliowataka walikuwa wanakaa pale. Wewe unaishi katika mji ambao kahawa inaota mlimani juu ya vichwa vyenu.

Na kama ukitaka kutoa seti chache kabisa kwa watu, tano au sita, basi mchague mtu ambaye akicheza wengi watamwona. Mchezo wa Trivial Pursuit, uliobuniwa Kanada mwaka 1979, ulipopelekwa Marekani, mtangazaji wake alituma sampuli kwa watu mashuhuri waliotajwa kwenye maswali ya mchezo wenyewe. Nani asingependa kuwaonyesha wageni wake swali linalomtaja yeye? Mwaka 1984 ziliuzwa seti karibu milioni ishirini. Wewe mlimani unawajua watu: mwongozaji mkongwe anayeheshimiwa getini, mpishi maarufu, mwalimu wa chuo kinachofundisha utalii. Mtu wa aina hiyo akiucheza na kundi lake, habari inapanda mlima na kushuka nayo.

Hapo hapo, ngoja nikuudhi kidogo. Mwongozo wa kurasa kumi na moja hauuziki. Najua umeeleza kila kitu, na ndio ugonjwa wenyewe. Tafuta watu wanne ambao hawajawahi kukuona, wape boksi, kisha kaa pembeni ufunge mdomo. Usisaidie hata wakikosea. Andika kila mahali walipokwama na kila mahali walipotazama simu. Fanya hivyo mara tatu na watu tofauti. Utagundua sheria mbili tatu ambazo hakuna aliyezihitaji. Kisha andika ukurasa mmoja wa "Anza hapa", wenye picha ya ubao na mishale, uuingize kwenye maboksi yote 257. Fotokopi haizidi shilingi mia moja au mbili kwa karatasi. Itakusaidia kuliko ile laki mbili na nusu ya redio, maana redio haina macho, na mchezo ni kitu cha kuonwa mkononi mwa mtu. Badala yake mrekodi mkeo na majirani wakicheza, dakika ile mgeni anarudishwa Kibo na mtu anapiga kelele "umenionea!" Sekunde thelathini tu. Weka kwenye status yako ya WhatsApp na kwenye magrupu ya wapagazi.

Sasa kampuni. Hapa nitakaa zaidi kwa sababu hapa ndipo pana hela, na ndipo unapoweza kuumia.

Kwanza mkeo hajakosea. Oda ya seti 150 kwa mpigo ni baraka, na kampuni yenyewe imeona jambo ambalo pengine wewe hujaliona. Kalenda ya ukutani hufa Desemba 31. Fulana ya promosheni mwaka wa pili ni ya kudekia. Kalamu hupotea siku ileile. Lakini mchezo ukiwa mzuri hutolewa kabatini mara kumi, na kila mara watu wanne wanakaa kuuzunguka saa nzima huku jina la mtoaji liko mbele yao. Mgeni aliyepanda Kilimanjaro akirudi kwao Ujerumani atawaita rafiki zake, awaonyeshe "hapa ndipo nilipotapika". Kalenda gani inafanya hivyo? Kwa hiyo usiende kwao kama mtu aliyekuja kuomba. Unawauzia tangazo linalokaa miaka.

Kwa bei ya 12,000 unapoteza elfu mbili kwa kila seti, laki tatu kwa oda nzima. Utaniambia zimelala uvunguni, bora nusu shari. Ningekubali kama mzigo huu ungekuwa wa mwisho na hutaki tena kuchapisha. Lakini bei ukishaitamka Arusha, kesho iko Moshi. Kampuni ya pili itaanzia hapohapo kwenye 12,000, na huwezi kwenda kiwandani kwa mara ya pili na bei iliyo chini ya gharama. Waambie 20,000 kwa oda ya kuanzia seti 100. Mara 150 ni milioni tatu, deni lako lote la kikoba pale lilipoanzia. Wakikubana sana shuka hadi 18,000, yaani 2,700,000, na hapo simama. Mgeni wao amelipa zaidi ya dola elfu moja kupanda mlima. Zawadi isiyofika dola kumi haiwavunji mgongo.

Kuhusu kulipwa Januari, hapana. Nisikilize kwa hili kuliko yote. Mwaka mmoja nilichapisha kalenda 400 kwa ajili ya ofisi moja, sitaitaja, kwa ahadi ya kulipwa "mwisho wa mwezi". Nililipwa baada ya miezi kumi na nne, nimeshauza friji ya nyumbani. Kalenda zenye jina la mtu ungemuuzia nani mwingine? Na seti zako zikishapanda ndege kwenda kwa mawakala, utazifuata wapi? Nusu mbele kabla hujagusa mkasi, nusu siku ya kukabidhi. Wakuandikie oda yenye saini na muhuri, nawe uwe na namba yako ya mlipakodi, maana kampuni itadai risiti halali.

Jina la mchezo lisitoke. Tena huna haja ya kuchapisha maboksi mapya. Tengeneza mkanda wa karatasi ngumu unaozunguka boksi, wenye nembo yao na maneno "Zawadi kutoka kwa" na jina lao, gharama ya mkanda juu yao. Boksi lako linabaki lilivyo ndani yake. Wakiahirisha oda, unavua mikanda, mzigo wako bado unauzika. Ongeza na kadi moja mpya yenye jina lao. Hiyo ni nafasi ya kutosha.

Lakini kadi gani? Ile ya "hufika kileleni daima" ikatae kwa heshima, na uwaeleze sababu, kwa sababu wao wanajua safari, wewe ndiye unayejua mchezo. Ukiweka kadi inayompa mtu ushindi, atakayeipata ameshinda, wengine watatu wanafunga boksi na hawatalifungua tena. Jina la kampuni litabaki gizani kabatini. Wape kadi ya wema: "Mpishi wa" jina lao "amepika supu ya moto pale Kibo. Mgeni wako amepata nguvu, songa hatua mbili." Watu wataitamani kila wanapocheza. Watalitaja jina kwa kicheko. Ndivyo jina linavyoingia moyoni mwa mtu bila kumsukuma.

Na kadi ya tipu, mwanangu, usiitoe. Sisemi hivyo kwa ukaidi. Mchezo huu umetoka mgongoni kwa mtu aliyebeba kilo ishirini kwenye baridi, na ile kadi ndiyo sauti yenu wagumu, ninyi wapagazi, ndani yake. Waambie kampuni hivi: mgeni atakayecheza jioni ya kwanza ataelewa habari ya tipu kabla ya siku ya mwisho getini, na mwongozaji wenu hatapata aibu ya kumweleza. Kampuni inayowatendea vizuri watu wake haiiogopi kadi hiyo. Ikiwa wameshindwa kabisa kuivumilia, basi umepata habari muhimu juu yao kabla hujawapa mzigo.

Kuna jambo jingine nalifikiria tangu niliposoma kwamba ulikuwa weita wa mesi. Unakumbuka wageni wanafanya nini baada ya chakula cha usiku, saa mbili, kabla ya kwenda kulala? Si wanatoa karata? Boksi lako lenye ubao wa karatasi ni kubwa kwa begi la mlimani, na kwenye ndege pia ni usumbufu. Seti hizi zikishapungua, jaribu toleo la safari: ubao uchapwe kwenye kitambaa, ukunjwe, uingie kwenye kifuko cha kitenge pamoja na kadi na kete. Anza na kumi tu, mafundi wa kuchapa fulana wanaweza. Mwongozaji mmoja abebe, auweke mezani jioni. Watu wamechoka, vichwa vinauma, wanacheza mchezo unaowaambia polepole ndiyo njia, na kesho yake wanalala kambi ileile iliyo kwenye kitambaa. Wakishuka getini watauliza unauzwa wapi. Kampuni ikiona hilo kwa macho yake, oda ya pili hutaiomba.

Kuponi za binamu yako nazipita haraka. Bahati nasibu ya kutangaza bidhaa iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na sheria yake ya mwaka 2003. Huwezi kuamka tu ukaweka kuponi. Zawadi ya safari ya Ngorongoro itakula faida ya seti zote zilizobaki, na bado utatakiwa uaminiwe. Hata wakubwa imewashinda: McDonald's walianza mwaka 1987 promosheni ya vipande vya mchezo wa Monopoly, na mwaka 2001 ikafichuka kwamba mtu aliyekabidhiwa ulinzi wa vipande vya ushindi ndiye aliyekuwa akiviiba na kuwagawia watu wake. Achana nazo.

Kwa kutokuandika jina la mchezo, umefanya vizuri sana. Nenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, sajili jina na nembo kama alama ya biashara. Inalindwa miaka 7 kwanza, halafu unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Ukitaka kuuza Zanzibar, kule kuna usajili wao. Michoro na maneno ya kadi yapeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ila ujue kwamba wazo la "mchezo wa kupanda mlima" haliwezi kufungiwa kabatini, mtu yeyote anaweza kubuni wake. Kinacholindwa ni kazi ya mkono wako. Nakuhimiza ufanye hili kabla ya kukaa na kampuni, kwa sababu ya mama mmoja wa Marekani, Lizzie Magie, aliyepata hataza, yaani haki ya serikali ya kumiliki ubunifu, ya mchezo wake wa wenye nyumba na wapangaji mwaka 1904. Miaka thelathini baadaye mtu mwingine aliuza Monopoly, iliyotokana na mchezo ule, kwa kampuni ya Parker Brothers. Naye mama wakampa dola 500 kwa hataza yake ya pili, ya mwaka 1924. Katika makubaliano yako na kampuni andika wazi: wananunua seti 150 zenye mkanda wao. Hawanunui mchezo.

Tukifika hapo, 15 ziko mezani kwa watu, 150 zimekwenda Arusha, umebakiwa na 92. Hizo usizipeleke dukani tena. Hizo ni za Desemba.

Wewe ni mtu wa Kilimanjaro, hunihitaji nikueleze Desemba yenu. Kuanzia tarehe 15 mabasi yanajaa, magari ya Dar es Salaam yanapanga foleni hadi Himo, watoto wa mjini wanamwagwa Rombo, Marangu, Machame, Kibosho, kwenye nyumba ya babu ambako umeme unakatika na hakuna anayewajua majirani. Wajomba, shangazi, binamu ambao hawajaonana mwaka mzima, mvua kidogo, ndizi jikoni, mbege mezani kwa wazee. Wanachezea nini? Simu, mpaka chaji iishe. Wewe una mchezo unaohusu mlima unaoonekana kwenye dirisha la babu. Baba aliyetoka Dar anataka wanawe waujue mlima wao. Wengi hawataupanda kamwe. Huyo ndiye mteja wako, na hakuna seti ya ludo inayoweza kumpa hicho.

Basi tandika mkeka kama ulivyofanya Februari. Stendi kuu ya Moshi kwa wanaoshuka, ukiomba kibali kwa wahusika. Marangu Mtoni siku ya gulio. Na Jumapili baada ya ibada, kwenye mnada ule wa mazao ya sadaka, toa seti moja inadiwe pamoja na mikungu ya ndizi na kuku. Mwombe mnadishaji akupe dakika mbili ueleze ni nini. Usharika mzima umekaa unakutazama, na seti moja ya sadaka itakuwa imetangazwa kuliko tangazo lolote la redio. Baada ya hapo simama nje ya uzio na mkeka wako, watoto watawavuta wazazi wenyewe. Wafundishe wapwa zako wawili kuongoza mchezo, wewe ukiwa unauza. Na usicheze raundi nzima: simamisha pale Horombo, mambo yakiwa yamenoga.

Mkeo mwonyeshe hesabu hii yote, siyo mwisho wa mazungumzo tu. Amelala juu ya maboksi hayo miezi saba pamoja nawe, ana haki ya kujua kwa nini unaikataa 1,800,000 leo. Na kama kampuni itakataa masharti yako, msirudi nyuma kwa hofu: nenda kwa nyingine mbili tatu za Moshi na Arusha na mkanda wa mfano mkononi. Sampuli yenye jina lao tayari juu ya boksi huongea kabla hujaketi.

Mimi nitumie seti moja kwa basi la Arusha, nitailipia 25,000 kamili pamoja na nauli yake. Wajukuu wangu wanakuja Krismasi na nataka kuwafunga. Hakikisha kadi ya tipu imo.

Shangazi